Nakaa studio, lakini siimbi

Nimekuwa kimya, najua, na wengine mmeniandikia mkidhani naumwa. Siumwi. Nilihama, kisha likaja joto, kisha akaja mama, na yote hayo yanahusu nyumba moja ndiyo maana nayaandika pamoja.

Nikiulizwa siku hizi naishi wapi najibu "nakaa studio, Sinza", na swali linalofuata ni lile lile kila mara: umeanza kuimba lini? Siwalaumu. Sinza ni mahali pa muziki tangu zamani. Kuna kituo cha daladala kinaitwa Kwa Remmy, kwa jina la Remmy Ongala, mwana wa Kindu kule Kongo aliyeishi hapa Dar mpaka alipofariki Desemba 2010. Na wanaorekodi Bongo Fleva wamejaa, kachumba kamoja, kompyuta moja na trei za mayai ukutani za kuzuia sauti. Kwa hiyo ukisema studio, mtu anaona trei za mayai.

Yangu haina. Ni chumba kimoja chenye kila kitu ndani: jiko pembeni, kochi, meza, choo na bafu nyuma ya mlango mmoja. Halafu kitanda kiko juu. Wamepachika sakafu ya mbao katikati ya sakafu ya chini na paa, unaifikia kwa ngazi ya chuma, na huko kuna godoro, wewe na mawazo yako. Madalali wanaiita "studio loft" na wanaitamka kama jina la mchezaji wa mbele wa Uingereza. Mjomba wangu wa Korogwe nilimwambia nalala darini. Kwa wazee wa pwani darini ni ghorofani, pahali pa heshima, lakini naye siku hizi anajua dari za jipsamu. Akanyamaza kidogo kwenye simu, kisha akauliza kama panya ni wengi.

Kabla ya hapo nilikuwa Mwananyamala, kwenye nyumba ya Kiswahili kamili: korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, uani choo na bomba la wote. Kodi laki moja. Kabla ya hapo nilikuwa Mlimani, ambako neno letu kuu lilikuwa kubebana. Kwa msiojua, kubebana ni kulala wawili kwenye kitanda alichopangiwa mmoja. Mabweni ya Magufuli yalifunguliwa mwaka 2017 yakiwa na nafasi 3,840, na bado watu walibebana. Mimi nilibebwa semesta mbili na jamaa aliyekuwa anasoma uhandisi na kukoroma kama jenereta. Kwa ufupi, tangu niondoke kwetu sikuwahi kulala chumba ambacho pumzi pekee ninayoisikia ni yangu.

Na kazi hii yetu mnaijua. Habari ya usiku ikichelewa natoka chumba cha habari saa sita. Kule Mwananyamala mlango mkubwa ulikuwa na komeo la ndani, kwa hiyo kila nikichelewa nilimwamsha mzee wa chumba cha kwanza, naye alinifungulia akiwa na shuka mabegani bila kusema neno. Lile kutokusema neno ndilo lililonichosha. Nikataka funguo yangu na mlango wangu.

Basi nikaingia mikononi mwa madalali. Dalali wa Dar hakuonyeshi nyumba, anakuonyesha picha, na picha imepigwa na simu inayopanua kila kitu hadi chumba cha kuku kinafanana na ukumbi. Ukitaka kuiona yenyewe unatoa hela ya kuonyeshwa, elfu kumi au ishirini, ambayo hairudi hata kama ulichoonyeshwa ni ukuta wenye ukungu. Niliona nyumba tisa. Wawili kati ya madalali walinitajia bei kwa dola. Nikawakumbusha kwamba kanuni za mwaka 2025 zimekataza kutangaza na kutoza bei kwa fedha za kigeni ndani ya nchi. Mmoja akacheka, akachukua kikokotoo, akaigeuza ile ile kuwa shilingi. Kanuni imetekelezwa, kodi haikushuka hata senti.

Hii ya Sinza ilikuwa shilingi 350,000 kwa mwezi. Mkataba wa miezi sita, fedha zote mkononi kabla ya funguo, jumla 2,100,000. Juu yake mwezi mmoja wa dalali, jumla 2,450,000. Mimi ni mwandishi wa kujitegemea, maana yake gazeti linanitegemea na mimi najitegemea. Nalipwa kwa habari iliyotoka, isiyotoka ni sadaka. Hizo fedha zilitoka kwenye akiba ya mwaka mzima na mkopo wa kikundi, na nilipozihesabu mbele ya dalali vidole vilikuwa vizito.

Wengine huuliza kwa nini serikali haizuii kodi ya mkupuo. Iliwahi kuwapo Sheria ya Kudhibiti Kodi ya mwaka 1984, ikafutwa mwaka 2005. Tangu hapo kodi ni maelewano, na maelewano kati ya mwenye funguo na mwenye begi mgongoni mnajua yanavyokwenda. Kuna na hili la kodi ya majengo, inayokatwa kwenye LUKU tangu Agosti 2021. Kwa sheria ni mzigo wa mwenye nyumba, lakini anayenunua umeme ni mpangaji, na kumwendea mwenye nyumba kumdai hela ndogo kila mwezi kunahitaji uso mkavu ambao sikujaliwa.

Lakini mwenye nyumba wangu nimeshindwa kumchukia. Ni mama mstaafu, alikuwa mwalimu. Kiwanja chao walikipata wakati wa ule mradi wa viwanja na huduma wa miaka ya 1970 uliogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, uliopima Sinza, Kijitonyama na Mikocheni na kuwapa watu vipande vya kujenga wenyewe polepole. Ndiyo sababu barabara za Sinza zimenyooka na viwanja vyake ni vidogo. Alinieleza hesabu yake siku ya kusaini, akiwa amekaa kwenye ndoo. Pembeni hakuna nafasi ya kuongeza hata choo. Kujenga ghorofa kunataka nguzo, nondo na vibali ambavyo pensheni haiwezi. Fundi akamshauri anyanyue kuta kozi kadhaa zaidi, aweke paa moja, na katikati atandike mbao. Uani alikokuwa na vyumba vinne vya kupangisha vya kawaida akapata studio nne za bei karibu mara tatu. "Sikuongeza ardhi," akasema, "nimeongeza hewa tu." Nikaandika kwenye kijitabu changu, tabia ya kazi.

Nikarudi nyumbani kusoma mtindo huu umetoka wapi. Kumbe umeanzia viwandani. New York, mtaa wa SoHo, viwanda vilipohama wasanii wakaanza kuhamia kwenye majengo yaliyoachwa, hasa miaka ya 1960 na 1970, kwa sababu kodi ilikuwa ndogo na nafasi kubwa. Dari zilikuwa juu kwa ajili ya mitambo na mizigo, madirisha makubwa kwa ajili ya mwanga wa kufanyia kazi. Hawakuruhusiwa kuishi humo. Sheria ya jimbo ya kuwahalalisha na kuwalinda ilipita mwaka 1982. Yaani makazi ya watu waliokosa makazi, baadaye matajiri wakayapenda, yakawa mtindo, ukasafiri hadi Sinza. Ajabu yake ni kwamba sisi jirani zetu tuna kiwanda halisi. Kutoka hapa kwenda Barabara ya Morogoro ni mwendo mfupi, na pale Ubungo ndipo kilipofunguliwa kiwanda cha nguo cha Urafiki mwaka 1968, kilichojengwa kwa msaada wa China na kuajiri maelfu. Wafanyakazi wa Urafiki walijengewa ghorofa za kawaida zenye vyumba na milango. Hakuna aliyewalaza juu ya ngazi.

Nilihamia mwezi wa saba, kipupwe, na miezi ile nilikuwa mfalme. Usiku nafungua geti kwa funguo yangu, sisalimiani na mtu, nachemsha chai, naandika mpaka saa nane, napanda juu nalala. Chini ya ile sakafu ya mbao nimeweka meza, panakaa kama pango dogo, na makala nilizoandika pale ni bora kuliko zote nilizoandika Mwananyamala. Hilo nalisema wazi ili msije mkasema nailaani nyumba. Ukimya una thamani yake, na mimi niliulipia.

Kisha likaja joto. Mnakumbuka darasa la sita tulifundishwa hewa ya moto hupanda. Kule New York wakati wa baridi kali ni neema, aliyelala juu anapata mabaki ya joto la chini. Dar, kuanzia Desemba mpaka Machi, mchana unapita nyuzi 30, na paa langu ni mabati ya msauzi. Bati linakaa linachomwa tangu asubuhi, na usiku linakurudishia yote kifuani. Chini kuna dirisha, juu hakuna. Feni ya darini haiwezekani kwa sababu ukiketi kitandani itakunyoa kichwa, kwa hiyo ipo chini, inapepea kochi. Nilinunua feni ndogo ya kubana kwenye chuma, ikanisukumia hewa ile ile ya moto kwa bidii zaidi.

Wala kosa si urefu wa nyumba. Nenda Mji Mkongwe wa Zanzibar, wazee walikaa juu kwa makusudi, kwa sababu juu ndiko kwenye upepo. Lakini juu yao kulikuwa na madirisha yaliyotazamana, hewa inaingia huku inatokea kule, na kuta nene za mawe. Fundi wetu amechukua ule urefu akasahau dirisha. Februari yote nililala chini, sakafuni kwenye marumaru, kitanda cha laki tatu na nusu kikiwa juu yangu kitupu.

Na Februari hiyo ndiyo akaja mama.

Mama yangu ana magoti. Nasema hivyo kwa kuwa ndivyo tunavyosema kwetu, "mama ana magoti", kama kwamba wengine hatuna. Alikuwa amepewa rufaa ya kuja MOI pale Muhimbili, kipimo, kisha kurudi baada ya wiki, kisha mazoezi. Karibu wiki mbili. Nikampokea Stendi ya Magufuli kule Mbezi, ana kapu la ndizi na kuku mmoja hai, nikampandisha gari mpaka Sinza. Akaingia, akatazama jiko, akasifu marumaru, akafungua bomba la bafuni kuona kama maji yanatoka kweli. Kisha akaiona ngazi.

"Huko ndiko unakolala?"

"Ndiyo mama."

"Na ukibanwa usiku?"

Nikamwambia nashuka. Akaitazama tena ngazi, vyuma vyake vyembamba, akashika goti.

Mkataba wangu una kifungu kwamba mgeni halali zaidi ya siku tatu bila kibali. Nikamfuata mwenye nyumba na maelezo niliyoyapanga kama utetezi wa mahakamani. Hakuniacha nimalize. "Mama ni mgeni wa nani?" akauliza. Kifungu kile, akasema, aliandika dalali. Kwa hiyo upande wa sheria tulimaliza kwa dakika moja.

Upande wa ukuta ndio hatukuumaliza. Wadau, naomba mnielewe hapa. Kwetu mtoto wa kiume akishakuwa mtu mzima halali chumba kimoja na mama yake. Si suala la nafasi. Hata kwenye nyumba ya udongo ya babu yenye vyumba viwili, kulikuwa na ukuta. Nyumba hii nzima ina mlango mmoja wa ndani, wa choo. Usiku wa kwanza nilifunga kamba chini nikatundika shuka, nikamtandikia mama godoro nyuma yake upande wa dirisha, mimi nikapanda. Nilipofika juu ndipo nikaona: anayekaa juu anaona kila kitu. Shuka linamzuia anayesimama mlangoni, halimzuii anayetazama kutoka darini. Nikajilaza nimeupa uso ukuta, jasho linanitiririka, sigeuki. Nami nikageuka jambazi ndani ya nyumba niliyoilipia. Saa tisa nikabanwa. Ile ngazi ukiikanyaga inalia kama kengele ya shule, na mguu wake wa mwisho unatua hatua moja kutoka kwenye kichwa cha mama. Nilivumilia mpaka alfajiri. Asubuhi alikuwa amekaa, amejifunga khanga mbili, kichwani na mabegani, katika joto lile. Hakuwa amelala. Hatukulizungumza, tukanywa chai.

Usiku wa pili nikachukua mswaki nikaenda Mwananyamala kwa jirani yangu wa zamani, kinyozi, chumba cha tatu kushoto. Akasogea ukutani, nikalala. Siku kumi na moja. Mzee wa chumba cha kwanza alinifungulia kila usiku kama zamani, na safari hii alisema neno. "Umerudi." Basi fikirini: nalipa shilingi 350,000 kwa mwezi Sinza ili nikabebwe Mwananyamala, teh teh.

Kilichoniuma zaidi si kubebwa. Ni mama kubaki peke yake. Mimi natoka asubuhi kumpeleka hospitali au kazini, narudi jioni kumpikia, saa nne naondoka. Uani kwetu kuna milango minne na yote imefungwa, kila mtu na studio yake, kila mtu na funguo yake, ndicho tulichokuja kutafuta. Siku tatu za mwanzo hakuzungumza na mtu yeyote isipokuwa mimi na kuku. Akipata shida usiku nani angesikia? Mwananyamala angekohoa mara mbili tu, korido nzima ingeuliza. Siku ya nne akatoa kigoda, akakaa nje ya mlango akichambua mchele, na mwenye nyumba akaja na wa kwake. Kufika wiki ya pili mama alikuwa anawajua wapangaji wote. Dada wa studio namba mbili ni nesi na anatokea Masasi. Kijana wa namba nne mchumba wake yuko Dodoma na wamegombana. Mimi nilikuwa na miezi saba pale na nilichokuwa nakijua ni rangi za viatu vyao mlangoni.

Siku ya kuondoka aliniambia nyumba ni nzuri, pasafi, maji hayakatiki hovyo. Kisha akiwa amekwisha panda basi, dirishani, akauliza, "Sasa ukioa, mkeo atakaa wapi nikija?" Basi likaondoka kabla sijajibu, na nashukuru.

Nilimwita fundi. Nikamuuliza kama anaweza kuweka ukuta wa mbao chini ya ile sakafu, kitoke chumba kidogo chenye mlango. Akapima, akasema inawezekana, shida ni kwamba dirisha lipo moja tu. Ukiliweka chumbani, jiko linabaki gizani na moshi wa mafuta unapanda moja kwa moja juu kwenye godoro langu. Ukiliacha jikoni, aliyelala chumbani anapika kwa mvuke. Wala hakunitoza hela ya kupima.

Mkataba wa pili unaisha mwezi huu na mama mwalimu anasema kuanzia sasa ni 400,000, saruji imepanda. Anaweza kuipata, foleni ya wanaoitaka ipo, vijana kama mimi wanaotaka funguo yao. Mimi mdogo wangu wa kike amemaliza kidato cha sita na akipata chuo hapa Dar atafikia kwangu. Mama atarudi kliniki mwezi wa kumi. Nimeanza tena kutumiwa picha na madalali, na juzi mmoja kanitumia "loft" nyingine, Kijitonyama, ngazi ya mbao safari hii, ina na taa za bluu chini ya kila kidato.

Kwa hiyo anayejua chumba na sebule maeneo ya Sinza, Kijitonyama au hata kurudi Mwananyamala, cha chini, kodi isizidi laki tatu, choo ndani, anayekubali kupokea miezi mitatu mitatu, na kati ya chumba na sebule kuwe na ukuta wa tofali unaofika mpaka kwenye dari, si pazia wala kabati, aniandikie. Kochi nalo linauzwa. Madalali msijisumbue.